Ndugu wa Mzambarau wa Kivukoni

Kabula mwanangu,

Salamu tutapeana kesho asubuhi pale mlangoni, mbele ya mama yako na mizigo yako, kwa hiyo hapa nazipita. Nazipita pia habari za chandarua, dawa za malaria na kupiga simu kila ukifika mahali penye mtandao. Hayo mama yako amekuimbia wiki nzima. Mimi nimekaa kimya, mpaka leo asubuhi ukaniuliza, "Baba, mbona wewe huniusii chochote?" Nikajifanya natafuta kamba ya kufungia begi lako. Neno nilikuwa nalo, ila halikuwa la kusema huku mama yako anakaanga karanga pembeni.

Sasa umeenda Nyasubi kumuaga shangazi yako. Nimekaa barazani na daftari lako la sekondari, lile lililobaki na kurasa tupu. Upande wa Bukombe mawingu yamefunga. Kila pikipiki inayopita barabarani nadhani ndiyo yako, na mara mbili nimeshaisukuma karatasi hii chini ya mkeka. Mtu mzima wa umri wangu, naficha karatasi. Ukiona mahali mwandiko umeyumba, ujue ni pikipiki.

Kesho jioni utafika Isagala, kule unakoanzia mkono wa mashariki wa mto wetu, na utakaa huko misimu miwili ya mvua na wenzako wa utafiti. Ramani umenionyesha. Pale kwenye chemchemi umeweka alama nyekundu, ukaniambia kwa furaha kwamba hapo ndipo utakapowapata ndugu wa mzambarau wetu wa kivukoni. Nikakujibu, "Mungu akipenda." Kabula, hutawapata. Nilijua hutawapata siku ile ile uliyoweka alama, na bado nimekuacha ufunge mizigo.

Ngoja nianzie mahali pengine, maana nikiendelea hapa moja kwa moja nitaichana karatasi.

Unakikumbuka kitalu chetu? Ulikuwa darasa la tano. Mto ulikuwa umeula ukingo, shamba la mtama linamomonyoka kila mvua, nami nikajitia kuwa mtu wa miti. Mbegu ya mzambarau mwitu unaijua tabia yake kuliko mimi: ikikauka siku chache tu imekufa, haiwekwi kwenye kopo kungoja mwakani kama mahindi. Kwa hiyo nilizitaka nyingi na nilizitaka siku moja. Kwenye mkono wa magharibi, ndani ya ngitili ya wazee, ambako malisho yamefungwa na mtu haingii na shoka, palikuwa na mti mmoja uliozaa mpaka matawi yameinama. Niliomba ruhusa, nikajaza ndoo mbili chini ya mti huo huo mmoja, nikarudi nyumbani kabla ya saa tano najiona mjanja wa kijiji kizima. Wenzangu wangezunguka siku tatu.

Miche ikatoka mizuri, ya kimo kimoja, mpaka mwenyekiti wa kijiji akaja kuipiga picha. Tukaipanda kivukoni, kwenye mchanga, pale mto unapokauka kiangazi. Wewe uliimwagilia kwa kopo la rangi kila asubuhi kabla ya shule. Kisha yakaja madoa ya kahawia. Yalianza kwenye mche mmoja, na wiki haijaisha yakawa kwenye yote, bila hata mmoja kubisha. Kiangazi kikamalizia kazi. Ulilia, ukaniuliza kwa nini imekufa, nikakwambia ni mchwa. Sikuwa nimemwona mchwa hata mmoja. Sikujua kwa nini, na sikutaka mwanangu ajue kwamba sijui.

Ulikuja kunieleza mwenyewe, ukiwa mwaka wa pili chuoni. Ulichukua ungo wa maharage wa mama yako, ukachora mto kwenye vumbi la uwanja kwa kijiti: mikono miwili juu, ikakutana kivukoni, ikashuka pamoja. Maharage mekundu ukayapanga mkono wa magharibi, meupe mkono wa mashariki, ukawa unayasukuma kwa kidole kufuata maji.

"Ona, baba. Huku juu kila mkono una rangi yake. Mbegu inashuka na maji, haipandi. Ukifika chini ya makutano ndiyo unapata mchanganyiko."

"Na wakikata kule juu?" nikauliza.

"Wakimaliza mkono mmoja, rangi ile haiji tena huku chini. Iliyopo inazeeka, inakwisha, basi."

Mama yako akapita na sufuria. "Ukimaliza kumfundisha baba yako unirudishie maharage yangu, tena uyapepete. Leo tutatafuna mchanga."

Ulicheka, ukaendelea na habari ya miche yangu. Yote ilikuwa watoto wa mama mmoja, ukasema, kwa hiyo ugonjwa uliomweza mmoja uliwaweza wote. Tena mama mwenyewe amezoea unyevu mwaka mzima, mimi nikawachukua watoto wake nikawatupa kwenye mchanga mkavu. Miti iliyozaliwa mchangani kizazi hadi kizazi inajua kungoja mvua, ile haikujua. Nilitikisa kichwa kama mwanafunzi mzuri. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye yale maharage meupe, na nilitamani uyarudishe haraka kwenye ungo.

Ndipo mwaka jana tukatembea wote mto huu, mimi nikikushikia mti mrefu wenye mundu, wewe ukiangua majani na kuyatia kwenye vifuko vyenye punje za kukaushia. Sijawahi kufurahi na mtu kama nilivyofurahi siku zile. Kila mti ukaupa namba kwa chaki. Watu wa mashambani walituuliza kama tunatafuta dawa, na wewe ukawajibu bila kuchoka kwamba tunatafuta nani ni ndugu ya nani. Mzee mmoja akasema basi tuanze na watu, maana kwake kuna mjukuu asiyemwelewa. Ulicheka mpaka ukadondosha chaki mtoni.

Pasaka ukarudi na majibu ya maabara. Tulikuwa kivukoni, mimi nimeshika ng'ombe kwa kamba. Uliweka kiganja kwenye shina la ule mzambarau mkubwa, ukasema, "Huyu hana ndugu huku, baba. Karibu miti yote ya chini ni watu wa magharibi. Huyu peke yake ana vitu ambavyo sijaviona popote."

"Labda aliletwa na mafuriko," nikasema.

"Hasa! Kutoka Isagala. Lazima wenzake wako kule kwenye chemchemi. Nikiwapata, tunaweza kuurudishia mto huu rangi yake ya pili."

Nilimvuta ng'ombe ambaye hakuwa na kosa lolote, tukarudi nyumbani.

Ndugu zake niliwakata mimi.

Basi, nimeliandika. Pikipiki imepita sasa hivi, siyo yako.

Unajua ujana wangu niliumalizia machimboni, huko upande wa Runzewe, na umekuwa ukiambiwa kwamba nilibeba mizigo kwa mkokoteni wa ng'ombe. Ni kweli. Ila hukuambiwa mizigo gani. Nilikuwa mkata matimba. Kila duara linaloshuka ardhini linahitaji magogo ya kuzuia kuta zisiwafukie watu, na wachimbaji wale walikuwa wachaguzi: walitaka mti ulionyooka, na walitaka uliokulia mtoni, maana walisema huo hukaa kwenye duara lenye maji bila kuoza upesi. Nilikata na mwenzangu Masanja, yule anayeuza kamba mnadani, ambaye wewe humwita baba mdogo. Mkono wa magharibi hatukuugusa. Ukikamatwa na shoka ndani ya ngitili, wazee wanakutoza ng'ombe, na kijiji kizima kinakususia. Isagala hapakuwa na ngitili. Palikuwa na mwanamke mmoja tu.

Anaitwa Ng'wana Luhende, ila kwa heshima tulimwita Mayu, yaani mama. Nyumba yake iko juu kidogo ya chemchemi. Kiangazi cha kwanza alituangalia tu akiteka maji. Cha pili alitutukana, tena matusi ya kisawasawa, Masanja mpaka leo huyarudia akilewa. Cha tatu ulikuwa umebaki mti mmoja, mkubwa kuliko wote, umeinamia maji, na chini yake palikuwa na jiwe ambalo wanawake walitua ndoo. Tulipofika na mashoka tulimkuta ameketi juu ya jiwe lile.

"Huu uache," akasema.

"Mayu, watu wananingoja shimoni. Kuta zinamwagika."

"Nasema huu uache. Mingine yote umebeba."

Hakuwa anapiga kelele siku hiyo. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Nikamwambia, "Mayu, nina mtoto mchanga nyumbani. Anaitwa Kabula. Nisipokata, atakula nini?"

Kisha akainuka pale kwenye jiwe, akajitwisha ndoo.

"Haya, kata," akasema. "Ila siku moja umlete huyo Kabula nimwone. Nimwone mtoto aliyekula mti wangu."

Nilikata. Shina likatushinda, lilikuwa nene mno kwa duara lolote. Tulichukua matawi manne, shina tukaliacha limelala majini.

Na lipo jambo ambalo hata mama yako halijui. Mwaka ule ghala letu lilikuwa limejaa mpaka mlangoni, mtama, mahindi, karanga. Wewe ulikuwa unanyonya, umenona, mapaja yana mikunjo. Hukuwa na njaa, Kabula, hukuwahi kuwa na njaa. Nilitaka baiskeli. Mwenzangu alikuwa nayo, mimi sina, na nilikuwa na haya ya kwenda kwa miguu. Nikalichukua jina lako nikalitumia kama shoka la pili, kwa sababu lile la kwanza lisingemwondoa yule mama kwenye jiwe. Baiskeli yenyewe niliibiwa mnadani kabla haijamaliza mwaka, na sikumwambia mtu kwamba nilifurahi ilipoibiwa.

Mvua imeanza kunyesha. Shangazi yako hatakuachia utoke kwenye mvua, kwa hiyo nina muda kidogo, na hofu yangu nayo imepata muda.

Naogopa mengi na wewe ukiwa kule. Naogopa maduara ya zamani yaliyo juu ya Isagala. Yameachwa wazi, nyasi zimeziba midomo, na yaliyozuia kuta zake ni matimba yangu mimi, ambayo sasa yameoza. Usiku naliona buti lako likikanyaga nyasi. Mtembee na mwenyeji, hilo tu nitakalokuagiza, na nimelisema kwa sababu mashimo hayo nayajua kuliko mama yako anavyojua mbu. Lakini hilo silo lililonikosesha chakula leo mchana.

Naogopa uambiwe na mwingine. Kule kila mtu anajua. Utafika na ramani yako, utaulizia mizambarau ya chemchemi, watakutazama, kisha watakuuliza jina la baba yako. Nimewaza nikuache tu, nikijiambia pengine wamesahau, pengine yule mama ameshafariki. Mwezi uliopita nikamuuliza Masanja, maana yeye hupeleka kamba hadi huko.

"Yupo," akasema. "Jicho moja limekufa, mdomo mzima kabisa." Akacheka. "Na bado anauliza. Ananiambia, yule Kabula hajakua tu?"

Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Naogopa macho yako, mwanangu. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukinishika mkono ukivuka mto, na hukuangalia maji, uliniangalia mimi. Sijui utaniangaliaje ukirudi. Siwezi kukuomba usikasirike, maana nikikuomba hilo nitakuwa nakutumia tena kwa faida yangu.

Uliniuliza kwa nini sikuusii. Mtu wa kuusia ni yule aliyefanya mambo yake yakanyooka. Ninachoweza ni kukuonyesha yangu yalipopindia. Mchwa nisiowaona na njaa usiyokuwa nayo ni uongo wa mtu mmoja, na kila mara niliusema kwa sababu maneno mawili yalinishinda mdomoni: la kwanza "sijui," la pili "nimekosa." Wewe unaingia kwenye kazi ya watu wanaosema "sijui" bila aibu. Nilikusikia mwaka jana ukimwambia hivyo yule mzee wa mjukuu, tena ukitabasamu, nikakuonea wivu. Ukikosea huko, na utakosea, sema siku hiyo hiyo. Mimi nimechelewa kwa umri wako wote.

Sasa kuna kikapu.

Wiki hii nimekuwa nikiaga asubuhi kwamba ndama amepotea. Mama yako jana alinishika shati. "Ndama gani huyo anayepotea siku nne, na zizini namhesabu yupo?" Nikamwambia ni ndama wa jirani. Akaguna, akaniachia, na nadhani ameshanusa kitu. Ukweli ni kwamba mizambarau imeiva, na nimekuwa nikipita mtoni. Nimeanza na mti wa kivukoni. Nilikuwa nimeshajaza kikapu nusu, mkono unakwenda tu kwa mazoea, ndipo nikakumbuka zile ndoo mbili za mti mmoja, nikasimama palepale. Nilikuwa karibu kurudia kosa lile lile kwa mkono ule ule. Nikapunguza. Nikaenda kwenye ngitili, nikaenda chini kwenye mchanga kwenye ile miti uliyoiandika namba, nikachukua kidogo kila mahali. Nimevifunga vifurushi kumi na kimoja kwa vitambaa vya khanga kuukuu, kila mti kifurushi chake, na namba yako ya chaki nimeiandika juu yake kwa kalamu. Sijui kama watoto wa mchangani watapenda chemchemi. Sijui kama mti mmoja wa kivukoni unatosha kurudisha ukoo wake. Nimeandika "sijui" mara mbili, umeona? Wewe na wenzako ndio mtakaojua kipi kipandwe wapi na kipi kisipandwe.

Ninachojua ni ulichonionyesha kwenye vumbi la uwanja, kwamba mto hauwezi kuirudisha mbegu juu. Ule mti wa kivukoni ulishuka kutoka Isagala ukiwa kokwa ndani ya maji, kabla sijafika na shoka. Ili watoto wake warudi kule, lazima wabebwe na mtu.

Ningepaswa kuwabeba mimi. Nilivaa viatu juzi ili niende, nikafika kivukoni, nikageuka nikarudi nyumbani. Kwa hiyo nakutuma wewe, na naona haya kwa hilo pia. Ukiniambia nije, nitakuja. Nitakaa kwenye lile jiwe mpaka yule mama amalize kusema yote aliyoyaweka miaka hii yote.

Barua hii nitaiweka juu ya kikapu, chini ya jani la mgomba lililoloweshwa, na nitakwambia ukifungue Runzewe wakati unangoja gari. Utakuwa umeshika jani lenye maji na kusoma mambo haya katikati ya watu wa stendi. Nisamehe kwa mahali hapo. Nyumbani ningekuona usoni ukisoma, na sina ubavu huo.

Mvua imekatika. Kuna pikipiki inapunguza mwendo pale kwenye mwembe wa jirani, na kicheko nimekitambua.

Haraka basi. Ukifika, kabla ya ramani na kabla ya chaki, nenda kwenye nyumba iliyo juu ya chemchemi. Piga goti, msalimie. Atakuuliza wewe ni wa nani, kama wanavyouliza wazee wote. Usinifiche, Kabula, na usijifiche. Mwambie, "Shikamoo, Mayu. Mimi ndiye yule mtoto." Halafu mpe kikapu mkononi, upesi, kabla mbegu hazijakauka.

Baba yako